Geti la mtoto la kubana, sm 75 hadi 82: pa kulifunga na pa kuliacha

Ni lile geti jeupe la chuma, fito zimesimama wima, mlango mdogo katikati, linalokuja kwenye boksi refu bapa. Kariakoo lipo, maduka ya vifaa vya watoto ya Nairobi yanalo, na mitandaoni limejaa tele. Jina la kwenye boksi hubadilika kila kontena likishuka, chuma kikabaki kilekile, kwa hiyo hapa tunalipima geti la aina hiyo, si la duka fulani. Kimo chake ni sm 76 au zaidi kidogo, linaziba nafasi ya sm 75 hadi 82, na muuzaji atakwambia halihitaji kutoboa ukuta. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayowafurahisha wapangaji, na ndiyo yenye maneno mengi.

Hukumu kwanza, maana wengine wanasoma huku mtoto ameshaanza kutambaa. Mlango wa jikoni wenye fremu ya mbao iliyonyooka: linunue. Korido yenye kuta za lipu, au chini ya ngazi: linunue, ila tenga na hela ya ubao na skrubu. Juu ya ngazi: usilinunue, hata ukipewa kwa nusu bei.

Kilichomo, na ule mwanya unaotisha watu

Fremu huja imeshaunganishwa, ina umbo la herufi U: nguzo mbili za pembeni na paipu ya chini inayozishika. Mlango umening'inia ndani yake. Kwenye mfuko wa plastiki kuna bolti ndefu nne zenye mpira bapa kichwani, nati nne kubwa za kuzungusha kwa vidole, vikombe vinne vya plastiki vya kukaa ukutani, skrubu fupi za vikombe hivyo na gundi ya pande mbili. Hesabu vitu hivi kabla bodaboda hajaondoka. Ukianza na kimoja, anza na vikombe, maana bolti yenye mpira bila kikombe ni geti linaloshikwa na msuguano peke yake.

Sasa lile jambo linalorudisha mageti mazima madukani. Ukilisimamisha sakafuni kabla ya kulibana, mlango haufiki kwenye kitasa. Ulimi wa kitasa unabaki hewani, mwanya wa sm mbili, pengine tatu, na mnunuzi anaamini kauziwa bovu. Halina ubovu wowote. Nguzo zimetengenezwa zikiwa zimeachana kwa juu makusudi. Bolti za juu zikikazwa dhidi ya ukuta, zinazisukuma nguzo ndani, mwanya unajifunga mpaka zibaki milimita chache, na hapo ulimi unaingia kwenye nyumba yake. Kwa hiyo mwanya huo ndio kipimo chako. Ukiwa bado mpana, geti halijabana. Ukiisha kabisa na mlango ukaanza kusugua nguzo, umekaza kupita kiasi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, nguzo moja imelala.

Kupima

Pima mara mbili, pale mipira itakapogusa: chini karibu na sakafu, na juu kwenye kimo cha sm 70 hivi. Vipimo viwili vikitofautiana kwa sentimita moja si neno, kwa sababu kila bolti inarekebishwa peke yake. Kinachoponza watu ni kupima katikati ya mlango tu, kisha kugundua kwamba skatingi ya marumaru imekula sentimita moja kila upande chini, na mpira wa chini umekalia ukingo wa skatingi, nusu juu ya marumaru na nusu hewani. Mpira wa namna hiyo utateleza, leo au wiki ijayo.

Mlango wa kawaida wa sm 90 kwa 210, ukitoa unene wa fremu ya mbao pande zote mbili, hubakiza nafasi inayokaribia sm 80. Geti la 75–82 linaingia hapo bila kiongezi (kipande cha kuongezea upana), na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulisifu kwa jikoni. Lakini angalia na kina cha fremu. Kila fremu ina kile kidato ambamo mlango hukaa ukifungwa, na mpira lazima ukae mzima upande mmoja wa kidato. Fremu ya mbao ya mbili kwa sita ina uso wa kutosha, kama sm 10 baada ya kutoa sehemu ya mlango. Ya mbili kwa nne hubakiza kama sm 5 na nusu, na mpira wenyewe una upana wa sm 4 au 5. Inawezekana, ila kwa mkono wa kutulia.

Amua pia geti litafunguka upande gani. Lifungukie upande wa korido, si ndani ya jikoni, ili mwenye sufuria ya maji moto asilazimike kurudi nyuma kulipisha.

Kulifunga

Zungusha nati mpaka zikaribie mpira, ingiza bolti kwenye matundu manne ya pembe, kisha simamisha fremu katikati ya nafasi. Katikati kweli, si kwa kukadiria. Bolti ya kushoto ikitoka sm 4 na ya kulia sm 1, ile ndefu itapinda kidogo kidogo kila mtoto akilitikisa.

Chini kwanza. Kaza nati mbili za chini kwa zamu, mzunguko mmoja huku na mmoja kule, mpaka fremu isisogee ukiisukuma kwa mguu. Weka pimamaji kwenye nguzo yenye bawaba. Ikiwa imeinama, ipandishe au ishushe kwa kipande chembamba cha mbao chini ya paipu, usijaribu kunyoosha kwa nguvu ya bolti. Ndipo uende juu, kwa zamu vilevile, macho yakiwa kwenye ule mwanya. Ulimi ukianza kuingia wenyewe, ongeza nusu mzunguko kila upande na uache.

Anayeanza na bolti za juu hukutana na paipu ya chini iliyojikunja kama upinde, katikati imenyanyuka kutoka sakafuni. Hapo hakuna dawa ila kulegeza zote nne na kuanza upya. Mlango usiojifunga wenyewe hadi mwisho (mageti mengi ya aina hii yana bawaba za kujifunga) mara nyingi si springi mbovu. Ni nguzo ya bawaba iliyolala kwa milimita mbili tatu. Nusu mzunguko kwenye nati ya juu ya upande huo humaliza kesi.

Geti likishakaa, fungua na funga mara kumi. Kisha chora mduara kwa penseli kuzunguka kila mpira, legeza, toa geti, funga vikombe ndani ya miduara minne, rudisha geti na ukaze upya. Vikombe vina unene wao, kwa hiyo nati hazitarudi pale zilipokuwa. Usitafute alama ya zamani, tafuta mwanya.

"Bila kutoboa"

Hapa ndipo muuzaji na fundi wanapoachana. Nchini Marekani kanuni ya mageti ya watoto iliyoanza kufanya kazi Julai 2021 inataka geti la kubana lihimili kusukumwa kwa nguvu ya ratili 30, karibu kilo 13 na nusu, bila kung'oka. Geti linaloweza kufikia kiwango hicho kwa msaada wa vikombe tu, vikombe lazima viwemo kwenye boksi pamoja na onyo la kuvifunga. Ulaya wana kiwango chao, EN 1930, na namba hiyo utaiona imechapwa kwenye boksi nyingi. Kuchapa namba hakuna gharama. Tafuta pia jina na anwani ya mtengenezaji, na kijitabu cha maelekezo kinachosomeka. Boksi lenye namba tupu bila mwenyewe lina mashaka.

Gundi ya pande mbili inashika vizuri kwenye fremu ya mbao iliyopakwa rangi ya mafuta na kusafishwa. Kwenye ukuta wa rangi ya maji haishiki kitu: inashika rangi, na rangi inabanduka pamoja nayo, ikiacha baka jeupe ambalo mwenye nyumba ataliona kabla hujakabidhi funguo. Rangi ya mafuta nayo ina lake. Ni laini, na mpira usio na kikombe huteleza juu yake kila geti likitikiswa. Marumaru za ukuta wa jikoni ni hivyohivyo, na zaidi.

Kwa fremu ya mbao, tumia skrubu. Mninga na mvule ni mbao ngumu, kwa hiyo toboa kwanza tundu la milimita 2, la sivyo kichwa cha skrubu kitaliwa kabla haijafika mwisho. Tundu nne ndogo kwenye fremu huzibwa kwa unga wa mbao na gundi, zikapigwa msasa zikapotea. Mwenye nyumba muungwana hatagomba kwa hilo. Omba ruhusa kabla, si baada.

Ukuta wa tofali na lipu unataka umakini zaidi. Lipu ina unene wa milimita 12 hadi 15, pengine zaidi pale fundi alipokuwa anaficha ukuta uliopinda. Skrubu fupi za kwenye boksi zinaishia humo humo ndani ya lipu, hazilifikii tofali. Zitupe. Nunua fisha za milimita 6 na skrubu za milimita 4 kwa 50, toboa kwa biti ya zege ya 6 kwa kina cha milimita 50 au 55, ondoa vumbi kwa kupuliza (fumba macho), ingiza fisha mpaka ivuke lipu na kuzama ndani ya tofali. Kabla ya yote gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia kwa sauti ya debe tupu, lipu imeshaachana na tofali, na geti likibanwa hapo litaibomoa kipande kizima. Usitoboe chini ya sm 5 kutoka kwenye kona, kona itamegeka.

Tofali la mchanga mwingi na simenti ya kuhesabu lina tabia ya kutanua tundu: biti ni ya 6, tundu linatoka la 9, fisha inacheza. Zima mpigo wa nyundo wa drili, toboa kwa kuzungusha tu, anza na biti ya 5. Ikishindikana, achana na vikombe vya moja kwa moja na uhamie kwenye ubao.

Ubao ndio ufumbuzi wa kuta mbovu karibu zote. Chukua ubao wa inchi moja kwa nne, urefu wa sm 90, upige randa na msasa. Chonga mgongo wake kwa chini, sm 10 kwenda juu na kina cha sentimita moja, ili ukumbatie skatingi na uso wake ubaki umenyooka kutoka sakafuni hadi juu. Usijaribu kupitisha skrubu kwenye skatingi yenyewe, marumaru itapasuka. Funga ubao kwa skrubu nne za milimita 70 zenye fisha za 8, zikiwa zimepishana kushoto na kulia, zisisimame kwenye mstari mmoja. Sasa nguvu ya geti haipo tena kwenye nukta mbili, imegawanywa. Vikombe vinafungwa kwenye mbao, skatingi haiguswi, na geti likitolewa baada ya miaka miwili kuna matundu manne ya kuziba kila upande. Kumbuka kutoa unene wa mbao mbili, kama sm 5, kwenye kipimo cha nafasi kabla ya kuagiza geti.

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, haziwezi fisha ya kawaida hata kidogo. Chokaa inamwagika kama unga. Ubao huohuo unatakiwa, mrefu zaidi, kwa skrubu sita au nane, na tundu lijazwe gundi maalumu ya kunasishia skrubu ukutani badala ya kutegemea fisha ya plastiki. Mlango wa nakshi usiuguse. Weka geti hatua moja ndani ya mlango, au tafuta mlango mwingine.

Ukuta wa jipsam unashika pale tu penye chuma au mbao ndani yake. Fremu ya aluminiamu ya mlango wa roshani hupinda ikibanwa, kisha mlango wenyewe hautelezi tena kwenye reli yake. Roshani si kazi ya geti hili; roshani ni kazi ya kitasa cha juu.

Viongezi

Vinauzwa kwa sm 7, 14 na 28. Hesabu ni rahisi: geti la 75–82 likiongezwa 7 linaziba 82 hadi 89, likiongezwa 14, 89 hadi 96, 7 na 14 kwa pamoja, 96 hadi 103. Nafasi ikiangukia mpakani, tuseme sm 82 na nusu, ongeza kiongezi na urudishe bolti ndani. Usivute bolti mpaka mwisho wa nyuzi zake ili kuokoa hela ya kiongezi. Viongezi viwili vikae kimoja kila upande, na usizidishe idadi iliyoandikwa kwenye maelekezo. Kila kiungo kina mchezo wake mdogo, na michezo hiyo hujumlishana. Zaidi ya mita moja na ushei geti la kubana linaanza kuwa neti ya mpira wa wavu: limefungwa pembeni, katikati linacheza.

Viongezi vya kampuni nyingine havikubali kila geti hata vikifanana kwa macho. Kipenyo cha tundu hutofautiana kwa milimita moja, na milimita hiyo inatosha kuharibu kazi.

Ngazi

Kwanza ile paipu ya chini. Jikoni unaizoea. Juu ya ngazi, mtu aliyebeba mtoto mgongoni au beseni la nguo mbele hatazami miguu yake, na paipu ya sm 2 tu inatosha kumkwaza. Bibi wa nyumbani mwenye magoti mabaya ndiye wa kumfikiria hapa kuliko hata mtoto. Pili, geti la kubana likilegea jikoni, mtoto anaingia jikoni. Likilegea juu ya ngazi, mtoto na geti wanashuka pamoja.

Juu ya ngazi kunataka geti la skrubu: bawaba mbili zilizofungwa moja kwa moja upande mmoja, vipokeo viwili upande wa pili, hakuna paipu ya chini, na kizuizi kinacholikataza lisifungukie upande wa vidato. Haya yapo madukani ila si mengi, na yakiwepo huwa ghali zaidi.

Na kabla ya kutoa hela, inama upime mianya ya reli ya ngazi. Reli nyingi zilizochomelewa mtaani zina mwanya wa inchi 4 au 5 kati ya fito. Mtoto akikuta geti limefungwa, atapitia pembeni kwenye reli, na ndipo penye hatari mbaya zaidi: mwili unapita, kichwa kinabaki. Geti lenye mwanya wa sm 6 kando ya reli yenye mwanya wa sm 12 ni hela iliyotupwa. Funga kwanza ubao wa plywood au wavu mgumu kwenye reli, kwa upande wa mtoto.

Nguzo ya reli ikiwa ni bomba la mviringo, mpira bapa haukai. Zipo bolti zenye kichwa cha herufi Y kwa kazi hiyo, lakini kwetu ni adimu. Ubao uliofungwa kwenye bomba kwa bolti za U tatu, nati zikiwa nyuma na ncha zimekatwa na kupigwa tupa, unafanya kazi ileile.

Geti la fundi

Kwa ngazi ya upana wa mita moja, fundi wa kuchomelea wa mtaani, au wa jua kali ukiwa Kenya, anaweza kukutengenezea kitu kizuri kuliko geti la boksi. Anaweza pia kukutengenezea ngazi ya kupandia. Tofauti ipo kwenye maagizo yako, kwa hiyo mpe kwenye karatasi.

Fremu ni skwea paipu ya inchi moja. Kimo sm 80, au 90 ukitaka. Fito zote wima. Fito moja tu ya kulala katikati, au ua la kuremba ambalo fundi hulipenda sana, ni pa kukanyagia. Mwanya usizidi sm 6. Fundi aliyezoea grili za madirisha atakadiria kwa macho na kukupa sm 10, kwa hiyo mfanyie hesabu. Geti la upana wa sm 96, ukitoa paipu mbili za pembeni za sm 2.5 kila moja, linabakiza sm 91 ndani. Fito 13 za nondo laini ya milimita 12 zinachukua sm 15.6. Zinabaki sm 75.4 kwa mianya 14, yaani sm 5.4 kila mmoja. Akisema fito 8 zinatosha, anahesabu nondo zake, si kichwa cha mtoto wako. Chini ya geti acha sm 4, isizidi 5.

Bawaba za kuchomelea za chomeka ni imara, lakini pini zake zikielekezwa zote mbili juu, geti linanyanyuka na kutoka kama mfuniko. Mwambie ya juu aigeuze kichwa chini, aichomelee baada ya geti kukaa. Kipande cha flati ba cha milimita 3 kichomelewe kwenye nguzo ya komeo, upande wa vidato, kiwe kizuizi. Nguzo za pembeni zishikwe ukutani kwa bolti za kupanuka za milimita 8 au 10, tatu kila upande, kwenye tofali lililojaa na si kwenye lipu.

Komeo ndipo mageti mengi ya mtaani yanapoharibikiwa. Komeo la kusukuma la kawaida, likiwekwa upande wa mtoto, atalijua ndani ya wiki. Liwekwe upande wa pili, sm 10 chini ya ukingo wa juu, liwe la springi, na ulijaribu ukiwa na ndoo mkono mmoja. Geti lisilofunguka kwa mkono mmoja huishia kuachwa wazi, au watu wanaanza kuliruka, na anayeliruka ndiye anayemfundisha mtoto.

Kabla ya rangi, pitisha kidole kila mahali. Vijidonge vya kuchomelea vilivyorukia kwenye fito hukwangua ngozi. Zipige tupa na msasa. Kisha rangi ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina risasi. Hili si la kupuuza: mtoto anayesimama akishika geti huuma ukingo wa juu, meno yake yapo kwenye kimo hichohicho. Liache likauke mpaka harufu iishe.

Seremala naye anaweza. Mbao za mbili kwa mbili kwa fremu, fito za moja kwa mbili, skrubu na gundi. Misumari haifai, hulegea kwa kutikiswa. Na mlango nusu wa plywood, ule wa zamani, bado haujapata wa kuushinda kwa bei, isipokuwa mtoto haoni upande wa pili na atalia zaidi.

Kulijaribu na kulitunza

Ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya safari inafaa hapa. Ifunge kwa kamba katikati ya ukingo wa juu, vuta taratibu mpaka isome kilo 14, shikilia, kisha rudia kwenye pembe nne. Geti la kubana lisisogee. Likitelezesha mpira hata milimita tano, halijafungwa, limewekwa tu.

Wiki ya kwanza kaza kila baada ya siku mbili, kwa sababu mipira mipya hubonyea. Baadaye, mara moja kwa wiki inatosha, na kila majira yanapobadilika; fremu ya mbao hunywea kiangazi na kuvimba masika, na geti lililobana Aprili linaweza kucheza Septemba. Pwani, hewa ya chumvi huanzia kwenye nyuzi za bolti na pini za bawaba. Futa kwa kitambaa kikavu, tia tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hukusanya vumbi na kuganda, kitasa kikakwama nusu njia, na kitasa kilichokwama nusu njia kinaonekana kimefungwa.

Likipata kona iliyopinda au kitasa kilichopasuka, usilifunge kwa waya. Liondoe. Na usinunue la mtumba lisilo na vikombe na bolti zake zote nne.

Mageti haya ni ya mtoto wa miezi 6 hadi 24. Kuna pia kanuni ya kimo: geti lisiwe chini ya robo tatu ya urefu wa mtoto, na kwa geti la sm 76 hiyo ni mtoto wa takriban mita moja, ila wengi hujifunza kupanda kabla ya hapo. Siku atakapotupa mguu juu ya ukingo, au akasogeza kigoda, kazi ya geti imeisha siku hiyo, hata kama ana miezi 20. Legeza nati za juu kwanza, za chini baadaye, ukilishika kwa goti lisikuangukie. Alama nyeusi za mpira ukutani hutoka kwa sabuni na kifutio cha penseli. Zisipotoka, rangi ya maji hupita juu yake kwa mikono miwili. Vikombe, nati na viongezi vitie kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye fremu yenyewe kwa waya. Ukiuweka kwenye droo ya jikoni hutauona tena.